Mpime Ng'ombe kwa Mgongo Wake, Si kwa Ndoo Peke Yake

Kwa wafugaji wa Nkuhungu na wa Dodoma yote.

Watu wengi humsifu ng'ombe kwa ndoo ya majuma ya kwanza baada ya kuzaa. Ndoo ikijaa, mwenyewe hufurahi, wala hautazami mgongo wa mnyama. Rai yetu ni kwamba kipimo hicho huleta hasara.

Ng'ombe akiisha kuzaa, maziwa yake huongezeka upesi, yakafika kilele kati ya juma la 4 na la 8. Lakini hamu yake ya kula hukawia nyuma. Basi siku hizo hutoa kuliko anavyokula, na pengo hulijaza kwa kuyeyusha mafuta ya mwili wake. Pengo likiwa dogo, hakuna dhara. Likiwa kubwa, mafuta hulemea ini, pumzi hunuka utamu, mnyama hukataa pumba, hukonda, na kuchelewa kutaka dume.

Tena iko homa ya maziwa, ambayo kwa kweli haina homa, maana masikio huwa baridi. Kalsiamu ya damu huingia katika maziwa kwa ghafula, na ng'ombe huanguka, mara nyingi ndani ya siku 3 za kuzaa, akakunja shingo ubavuni. Mwite mganga wa mifugo saa ile ile. Ukingoja kesho waweza kumkuta amekufa.

Maziwa nayo hubadilika. Dang'a ni zito, na ndama alipate ndani ya saa 6. Wakati wa kilele mafuta hupungua katika kila lita. Kuelekea mwisho huzidi. Kwa hiyo mnunuzi aonaye maziwa mepesi asiharakishe kumwita muuzaji mwizi. Laktomita na iamue: maji hushusha kipimo chake, bali upungufu wa mafuta peke yake haukishushi.

Yafaa nini, basi? Dodoma ina masika moja tu, tangu Desemba hata Aprili. Ng'ombe apandwaye mwanzo wa Aprili huzaa Januari, na kilele chake hukutana na majani mabichi. Wako wasemao ni heri azae Agosti, kwa kuwa kiangazi maziwa huadimika. Neno hilo ni kweli kwa mwenye akiba ya malisho. Asiye nayo huuza mwili wa ng'ombe wake kidogo kidogo.

Lakini hata azaaye Januari, miezi yake miwili ya mwisho wa mimba huanza katika ukame mkali. Kwa hiyo kata majani uyakaushe kabla hayajakomaa mno, hifadhi mabua ya mtama na uwele, na weka mashudu ya alizeti. Acha kumkamua siku 60 kabla ya kuzaa. Asinenepe mno, wala asikonde: mbavu zake zipapaswe kwa mkono, zisihesabiwe kwa mbali.

Hata ng'ombe wa aina ya Mpwapwa, waliochanganywa damu ya Sahiwal, Red Sindhi na ng'ombe wa kienyeji ili waistahimili nchi kavu kama hii, hawawezi kutoa maziwa kwa tumbo tupu. Ndoo ya Machi hujazwa na majani uliyoyaweka mwaka uliotangulia. Mfugaji asiyeweka kitu asimlaumu ng'ombe.