Programu ya bure nayo ina masharti: Somo la Audacity kwa vijana wa sauti Mbezi

Dar es Salaam. Kijana mwenye studio ya chumbani Mbezi Luis akitaka kurekodi tangazo la duka au kwaya ya mtaani, hana haja ya kununua programu. Anapakua Audacity bila kutoa hata shilingi, kazi inaanza.

Lakini bure siyo kwamba haina mwenyewe. Anayetaka kutengeneza programu yake ya sauti kwa kuunganisha vipande vya bure ndiye anayeweza kuumia.

Audacity ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Leseni yake, GPL, inakuruhusu kuitumia, kuibadilisha na hata kuiuza. Sharti ni moja kubwa: ukisambaza toleo ulilobadilisha, na msimbo wako utoe kwa masharti yale yale.

Tatizo lilikuja kwa VST3, mfumo wa kampuni ya Steinberg ya Ujerumani unaounganisha plagini, yaani vijiprogramu vya kuongeza mwangwi au kusafisha sauti. Kwa miaka mingi VST3 ilitolewa kwa GPL toleo la 3, au kwa mkataba maalumu na kampuni hiyo.

GPL toleo la 2 na la 3 ni ndugu wasioelewana. Kila moja linataka programu nzima iwe chini yake. Programu iliyofungwa kwa toleo la 2 pekee haiwezi kubeba kitu cha toleo la 3.

Kilichoiokoa Audacity ni maneno machache tu. Sehemu kubwa ya msimbo wake iliandikwa "toleo la 2 au la baadaye". Hivyo programu nzima ikasambazwa kwa toleo la 3, na VST3 ikaingia mwaka 2022.

Oktoba 2025 Steinberg ilikata mzizi wa fitina kwa kuihamishia VST3 kwenye leseni ya MIT, ambayo kikubwa inachotaka ni tangazo la hakimiliki lisiondolewe.

Mbezi inahusika vipi?

Kwa msanii, hakuna la kuhofia. GPL inabana programu, siyo wimbo. Ulichorekodi ni chako.

Kwa mtengenezaji, kagua leseni ya kila kipande kabla ya kuunganisha, siyo siku ya kuingiza sokoni. Ukikuta mbili hazipatani, kuna njia nne: tafuta kipande mbadala, omba ruhusa kwa wenye haki wote, badili leseni ya kazi yako, au mwachie mtumiaji apakue kipande hicho mwenyewe.

Njia ya mwisho Audacity iliitumia kwa miaka kwenye LAME, kifaa cha kutengeneza mp3, kwa sababu ya hataza za mp3. Mpango wa kutoza leseni za hataza hizo ulifungwa mwaka 2017, na baadaye LAME ikawekwa ndani.

Na hili siyo suala la Wazungu tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta hapa Tanzania. Ukivunja masharti, ruhusa uliyopewa inaweza kufutika, na utahesabika unasambaza kazi ya mtu bila idhini yake.