Mtoto Asinziaye Darasani

Wanachuo waendao mazoezi ya kufundisha wilayani Mpanda hawana budi kukutana na mtoto asinziaye darasani. Wapo wasemao upesi kuwa ni mvivu, achapwe. Sisi twaona kwamba hukumu hiyo imetangulia uchunguzi.

Tujifunze kwa Jerome Siegel, mtaalamu wa usingizi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 2000 yeye na wenzake walionyesha kuwa wagonjwa wa narkolepsia, wanaolemewa na usingizi mchana bila kutaka, wamepoteza seli nyingi za ubongo zinazomweka mtu macho. Lililoweza kuitwa uzembe lilikuwa maradhi. Mwaka 2015 kundi lake lilitoa utafiti uliowahusu pia Wahadza wa hapa nchini. Ilidhaniwa kuwa wasio na umeme hulala mara jua lichwapo. Walipovishwa vipimo mkononi, ilionekana kuwa watu wazima hao hukaa macho muda wa saa 3 hivi baada ya jua kuchwa.

Basi nasi tupime kabla ya kuhukumu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Je, alikesha akilinda shamba? Amekula? Ametembea mwendo gani? Tena Katavi kuna mbung'o: mwenye homa za mara kwa mara na usingizi wa mchana apelekwe hospitali akapimwe malale. Fimbo haitibu malale, wala haimrudishii mtoto usingizi alioukosa usiku.