Maneno Yana Mwenyewe

Kijana atokaye Dongobesh au Katesh kwenda chuoni haendi peke yake. Nyuma yake yuko baba aliyeuza ng'ombe, yuko mama aliyeuza vitunguu saumu na maharage, tena yuko mfanya kazi ambaye kodi yake imesaidia kupatikana kwa mkopo wa masomo. Wote hao wanangoja arudi na elimu. Kwa hiyo kijana huyo anapochukua kazi ya mtu mwingine na kuandika jina lake mwenyewe juu yake, hamdanganyi mwalimu tu. Anawadanganya wale wote waliomtuma.

Jambo hili linaitwa wizi wa maandishi, nasi twaona yafaa lisemwe wazi, kwa sababu wanafunzi wengi huangukia humo bila kujua mpaka uko wapi. Kunakili ukurasa mzima na kuuita wako ni wizi ambao kila mtu anautambua. Lakini hata kubadilisha maneno matatu au manne katika sentensi ya mwenzio, na kuacha mengine kama yalivyo, ni wizi. Kuchukua wazo la mwandishi na kulieleza kwa maneno yako, pasipo kumtaja, ni wizi. Kumlipa mtu akuandikie ripoti ni wizi, na kuiagiza programu ya kompyuta ikuandikie insha kisha ukaileta kama jasho lako ni mtoto wa baba yule yule.

Wako watakaosema kwamba maneno si ng'ombe. Ukiyachukua, mwenyewe anabaki nayo. Twawajibu kwa mfano huo huo wa ng'ombe. Katika nchi hii ya wafugaji mtu aweza kupewa ng'ombe wa rafiki yake amtunze na kunywa maziwa yake, wala hapana anayemwita mwizi. Mwizi ni yule asemaye ng'ombe huyo amezaliwa katika zizi lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo haikatazi kunukuu. Inataka tu kunukuu kuwe kwa kiasi, na chanzo pamoja na jina la mwandishi vitajwe.

Tena hasara ya wizi huu haimpati mwandishi aliyeibiwa peke yake. Inaipata kweli yenyewe, na watu wa Mbulu wanao ushahidi wa karibu. Kwa muda mrefu imesimuliwa kwamba Wairaqw walitoka nchi ya Irak, na hoja itajwayo sana ni kufanana kwa majina hayo mawili. Lugha ya Kiiraqw ni ya jamii ya Kikushi, ambayo ndugu zake wengi wako Ethiopia na Somalia. Mwaka 1998 mtaalamu wa Norwei, Ole Bjørn Rekdal, aliyefanya utafiti wake Mbulu, aliandika makala juu ya asili hiyo ya Irak, akieleza jinsi dhana inavyogeuka kuwa hekaya. Jambo lililoanza kama dhana ya waandishi likaishia kusimuliwa kana kwamba ni kumbukumbu ya kale. Pale kila mwandishi anaponakili bila kusema ametoa wapi, msomaji hawezi tena kurudi nyuma na kuuliza: ni nani aliyesema kwanza, naye alijuaje?

Rekdal huyo huyo, mwaka 2014, aliandika juu ya mboga ya spinachi. Wataalamu wengi walikuwa wamerudia kwamba sifa yake ya kuwa na chuma tele ilitokana na nukta ya desimali iliyowekwa mahali pasipo pake. Alipofuatilia, aliona kwamba hadithi ya nukta hiyo haikuwa na ushahidi. Watu walikuwa wamenakiliana, na wengine walitaja vitabu ambavyo hawakuvifungua. Kwa hiyo kutaja chanzo ambacho hukukisoma ni udanganyifu vile vile, hata kama orodha yako ni ndefu na nzuri kutazama.

Tuchukue na mfano wa Hanang, ingawa ni mchungu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliporomokea Katesh na vijiji vya jirani. Taarifa za awali zilizoenea duniani zilitaja waliofariki kuwa 47. Siku zilizofuata hesabu ilipanda hata ikapita 80. Mwanafunzi anayenakili ile hesabu ya kwanza bila kutaja aliipata wapi, na ya tarehe gani, amewafuta wafu zaidi ya 30, na wala hajui kwamba amewafuta. Kama angaliandika chanzo na tarehe, msomaji angalitambua mara moja kuwa hiyo ilikuwa habari ya saa za mwanzo.

Ndugu wanafunzi, njia ya kujiepusha si ngumu, ila yataka uvumilivu tangu siku ya kwanza. Unaposoma, andika papo hapo jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Ukinakili maneno yake kama yalivyo, yatie alama za kunukuu hata katika daftari lako, usije ukayadhania yako baada ya mwezi mmoja. Ukitaka kueleza kwa maneno yako, soma mpaka uelewe, funika kitabu, andika, kisha funua ulinganishe. Na mwisho mtaje mwenye wazo. Ukishindwa kuandika huku kitabu kimefunikwa, ujue bado hujaelewa. Rudi usome.

Wala tusidhani kwamba wenye haki ni wale tu waliopiga chapa vitabu. Mwanafunzi anapokwenda kwa mzee wa Kiiraqw, wa Kibarabaig au wa Kihadzabe kule Yaeda Chini, akaelezwa habari za dawa, za malisho au za mipaka ya zamani, mzee huyo ni chanzo kama profesa. Aombwe ruhusa, na akikubali atajwe kwa jina, kijiji na tarehe ya mazungumzo. Ni aibu kumtaja mgeni aliyekaa kwetu miezi sita na kumwita mzee wetu "wenyeji wanasema".

Walimu nao wana sehemu yao. Mwalimu anayetoa swali lile lile kila mwaka anawaalika wanafunzi kunakili majibu ya mwaka jana. Awaulize juu ya shamba la kijiji chao, kisima chao, soko lao. Tena awafundishe kunukuu kabla ya kuwaadhibu kwa kutonukuu. Programu za kulinganisha maandishi zinaweza kumkamata aliyenakili, lakini haziwezi kumfundisha kufikiri.

Sisi twasema hivi: taifa halihitaji karatasi zenye mihuri, lahitaji watu wanaojua kazi. Muuguzi aliyeiba ripoti yake atasimama mbele ya mgonjwa bila ya kitu cha kuiba. Bwana shamba aliyenunua utafiti wake ataulizwa na mkulima wa Basotu kwa nini ngano yake inageuka rangi, na hapo hatakuwapo wa kumnong'oneza jibu. Mtumai cha nduguye hufa maskini. Vijana wa Mbulu na Hanang na walete kazi yao wenyewe, hata ikiwa fupi, na pale walipoazima waseme wameazima kwa nani.