Ujirani si Ushahidi



Jani tulikanyagalo njiani limefanywa kwa chembe hai zisizoonekana kwa macho matupu. Na ndani ya chembe hizo zimo protini za maelfu ya namna, kila moja ina kazi yake, na nyingi haziwezi kazi hiyo ila kwa kushikana na nyingine. Ametukuka Aliyezipanga.

Wataalamu walitaka kujua ipi husaidiana na ipi. Lakini ukiponda jani kwanza, zilizoshikana kwa ulegevu huachana, na zisizokutana kamwe huchanganyika. Basi ikatafutwa njia ya kuzichunguza zingali hai.

Mwaka 2018, huko Marekani, ilitangazwa njia iitwayo TurboID. Protini inayochunguzwa huunganishwa na kimeng'enya maalumu, kisha mmea hupewa vitamini iitwayo biotini. Kimeng'enya kile huzitia alama ya biotini protini zilizo karibu nacho. Hapo ndipo jani hupondwa, na zenye alama hunaswa kwa streptavidini, ambayo hushikamana mno na biotini. Kimeng'enya kilichotangulia, BioID cha mwaka 2012, kilitaka saa nyingi na joto la digrii 37, lisiloifaa mimea mingi. Hiki chaweza kutia alama kwa dakika 10. Mwaka 2019 kilitumiwa katika mmea wa jamii ya tumbaku, kuchunguza protini inayoukinga na virusi.

Hata hivyo, wenye elimu hiyo hawafanyi haraka kuhukumu. Huweka mmea mwingine wenye kimeng'enya kitupu ili walinganishe, na kila iliyotiwa alama huithibitisha kwa njia nyingine. Maana kukaa karibu si kushirikiana.

Hapa ndipo tunapotaka tusimame. Ikiwa protini isiyo na roho haihukumiwi kwa ujirani mtupu, yawaje sisi tumhukumu ndugu yetu Muislamu? Mara ngapi uchumba wa binti umevunjwa, na kijana amenyimwa kazi, kwa neno hili tu: "Alionekana na fulani"? Hakuulizwa yeye, wala hakutafutwa shahidi. Na dini yetu imetukataza dhana mbaya, ikatuamuru kuihakikisha habari kabla ya kumdhuru mtu kwa ujinga.

Basi, vijana, isomeni elimu ya viumbe, wala msidhani kuwa yawatenga na dini. Na sisi wazee, tuanze majumbani mwetu kuuliza kabla ya kuhukumu.

Wabillahi tawfiq.