Mwani wa Zanzibar: Je, utafuata njia ya karafuu?

Katika mtaa wa Al Ras, kando ya hori ya Dubai, karafuu na viungo vingine huuzwa kutoka magunia yaliyo wazi mbele ya maduka. Kwa karne nyingi wafanyabiashara wa Ghuba wamenunua mazao ghafi ya mwambao wa Afrika Mashariki na kuyauza tena kwa faida.

Zao jingine la mwambao huo, mwani, sasa linakabiliwa na suala hilo hilo.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Hata hivyo, sehemu kubwa husafirishwa ukiwa umekaushwa tu, na viwanda vya ng'ambo ndivyo vinavyoukamua kupata karajinani, kiini kinachotumika kugandisha vyakula na dawa ya meno.

Matumaini mapya yamo katika ufugaji wa samaki. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba kiini cha mwani, kikichanganywa kwa kiasi kidogo katika chakula cha samaki, chaweza kuimarisha kinga yao dhidi ya maradhi na kupunguza haja ya dawa.

Wanunuzi hawako mbali. Umoja wa Falme za Kiarabu, unaoagiza nje sehemu kubwa ya chakula chake, umewekeza katika ufugaji wa samaki. Katika Ziwa Victoria, wafugaji wa sato wa Kenya na Uganda hutumia zaidi ya nusu ya gharama zao kununua chakula cha samaki.

Lakini tahadhari inahitajika. Kiini hicho ni nyongeza tu, hakichukui nafasi ya dagaa wala soya. Kikizidi, huweza kudumaza samaki, na matokeo hutofautiana kwa aina ya mwani na ya samaki.

Aidha, joto la bahari limeathiri vibaya aina ya kotonii, yenye bei nzuri, na kuwaacha wakulima wengi na spinosamu, iliyo rahisi.

Serikali ya Zanzibar, chini ya sera yake ya uchumi wa buluu, iliamua kujenga kiwanda cha kusarifu mwani Chamanangwe, Pemba. Uamuzi huo ndio unaogusa kiini cha tatizo: chakula cha samaki kitawanufaisha wanawake wa Paje na Jambiani iwapo tu mwani utakamuliwa visiwani. Vinginevyo, soko jipya litaongeza magunia bandarini, na bei ya mkulima itabaki pale pale.