Kabla ya Kumshitaki Muuza Dawa

Mkulima aonapo magugu yamerejea shambani kabla ya wakati wake, aghalabu amtuhumuye kwanza ni muuza dawa, kwamba amemuuzia bidhaa ghushi. Na kwa kuwa bidhaa ghushi zipo madukani, nasi hatulikanushi hilo, tuhuma yake husadikiwa upesi. Toleo hili lamwomba, kabla ya kumshitaki mtu, akumbuke udongo wake umekwisha kunyweshwa dawa hiyo hiyo misimu mingapi.

Kadhia hii ya udongo kuizoea dawa si ngeni. Mnamo 1949 mtaalamu wa mimea L. J. Audus, huko London, aliyazungusha maji yenye dawa ya magugu iitwayo 2,4-D katika udongo ule ule. Mara ya kwanza dawa ilikaa siku kadhaa ndipo ikaanza kutoweka kwa kasi, lakini alipoitia tena ikatoweka pasipo kukawia, maana bakteria wawezao kuila walikuwa wamekwisha kuzaana.

Hapa kwetu, katika udongo wa mashamba ya miwa ya Nzoia, magharibi ya Kenya, watafiti wamemtoa bakteria wa jamii ya Arthrobacter aivunjaye atrazini, nayo pia ni dawa ya magugu. Kwa viumbe wa namna hii sumu ni rizki: huanza kwa kuing'oa klorini, na hapo ukali wake juu ya magugu umekwisha, kisha huikata mikia ya pembeni, hata pete yenyewe ya molekuli ikafunguka na naitrojeni iliyomo ikawa chakula. Tena ajabu (nasi tumependezwa nayo) ni kwamba udongo uliotiwa mbolea ya naitrojeni kwa wingi mara nyingi huivunja dawa polepole zaidi, kwani mwenye wali sahanini hana haja ya kuguguna mfupa.

Vijidudu hawa hatuwalaani, maadamu ndio wapunguzao sumu ambayo ingeteremka visimani. Lawama yetu ni juu ya desturi ya kuzidisha kipimo kila dawa inapodhoofu, ambako ni kuwaongezea karamu walaji. Na zaidi ni juu ya mashamba yasiyo na daftari, ambayo wenyewe hunyunyiza kwa kufuata bei ya dukani. Katika daftari hilo na liandikwe jina la kiini cha dawa, si chapa peke yake, kwani chapa mbili mbalimbali huweza kuwa atrazini ile ile. Wala kuhamia terbuthilazini, iliyo ndugu yake, si kinga, ilhali bakteria yule wa Nzoia huzivunja zote mbili.