Mthamini si bima ya soko

WAFANYABIASHARA wengi wanaopata hasara baada ya kushauriwa vibaya huamini kesi imekwisha: mshauri alizembea, fedha zimepotea, basi alipe zote. Sheria haiendi hivyo. Uzembe ni jambo moja na hasara ni jingine. Kinachoviunganisha ndicho hubishaniwa mahakamani.

Mfano mzuri ni hukumu ya mwaka 1996 ya Baraza la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya mwisho ya rufaa Uingereza. Wakopeshaji walitoa mikopo kwa dhamana ya mali zilizothaminiwa kupita kiasi, kisha bei zikaporomoka. Walidai kuwa wangejua thamani halisi wasingekopesha kabisa.

United Bank of Kuwait ilikopesha pauni milioni 1.75 kwa mali iliyothaminiwa milioni 2.5. Thamani halisi ilikuwa kati ya milioni 1.8 na 1.85. Mwaka 1992 mali hiyo iliuzwa kwa pauni 950,000. Hasara ilizidi milioni 1.3, lakini Malodi walisema mthamini anawajibika kwa pengo la makadirio yake tu, yaani pauni 650,000 hadi 700,000. Hasara iliyobaki ilitokana na soko.

Lord Hoffmann alitoa mfano wa mpanda mlima anayeambiwa na daktari mzembe kuwa goti lake ni zima. Anapanda, anaumizwa na ajali isiyohusu goti. Bila kauli ya daktari asingekwenda mlimani; hata hivyo daktari halipi.

Wapo wanaoona kanuni hii inawabeba wazembe. Si kweli. Kama makadirio yangekuwa sahihi, bei zingeshuka vilevile. Mthamini aliyelipwa ada ya kupima jengo hakulipwa kubeba hatari ya soko. Anayetaka kinga hiyo aiandike kwenye mkataba, na awe tayari kuilipia.

Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisisitiza swali la kuuliza: ushauri ulikusudiwa kumkinga mteja na hatari ipi? Hukumu hizo haziifungi Tanzania, lakini mahakama zake, zilizorithi sheria ya Kiingereza, zinaweza kushawishika nazo.

Kwa hiyo mwekezaji, kabla ya kumlipa wakili, agawe hasara yake mafungu mawili: iliyoletwa na ushauri mbaya, na iliyoletwa na soko. Aende mahakamani na fungu la kwanza.